Tangi Kubwa, Mafuta Kidogo

Andiko la somo: Mathayo 25:1-13

Ahsante kwa kuichukua karatasi hii mlangoni. Kama hukuwa nasi Jumapili, soma pole pole, halafu mpe jirani. Kama ulikuwepo, soma tena, kwa sababu mvua ilipiga mabati mpaka watu wa nyuma wakasikia nusu tu.

Nianze na kisa cha kweli. Wengi wetu tulikuwa bado watoto, lakini wazee wanakikumbuka. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliondoka Addis Ababa saa tano asubuhi ikija Nairobi. Ndani kulikuwa na watu 175. Mmoja wao alikuwa Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984. Kutoka Addis mpaka Nairobi ni kama saa mbili tu. Watu walikuwa wanangojewa nyumbani.

Dakika kama ishirini baada ya kuruka, vijana watatu waliingia kwa nguvu chumba cha marubani. Walichukua shoka na mtungi wa kuzima moto, wakasema wana bomu. Wakataka ndege iende Australia. Rubani mkuu, Leul Abate, aliwaeleza ukweli: ndege haina mafuta ya kufika huko, imewekewa ya safari ya Nairobi na akiba kidogo.

Sasa sikiliza walivyomjibu. Walikuwa wamesoma jarida linalowekwa ndani ya ndege, na jarida lilisema ndege ya aina ile inaweza kuruka saa kumi na moja bila kutua. Basi wakamwona rubani ni mwongo. Yeye anaangalia geji, wao wanaangalia jarida.

Jarida halikudanganya, wapendwa. Ndege ile, Boeing 767, ilikuwa na uwezo huo kweli kama tangi lingekuwa limejaa. Lakini siku ile tangi halikuwa limejaa. Jarida lilisema ukubwa wa tangi. Geji ilisema kilichomo. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na tofauti yake ilikuwa maisha ya watu.

Baada ya kama saa nne hewani, injini ya kwanza ilizima, kisha ya pili. Ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, kule Komoro. Watu 125 walifariki, hao watatu wakiwa ndani ya hesabu. Watu 50 walipona, na marubani wote wawili ni kati yao.

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili mtu asinielewe vibaya. Sisemi waliokufa walikuwa wamekosea. Yesu mwenyewe alikataa hesabu ya namna hiyo pale Luka 13, alipoulizia wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Abiria wa ndege ile hawakuwa na kosa. Walikaa kwenye viti vyao, na watu wengine wakaamua juu ya mafuta. Shika hilo, nitalirudia.

Taa kumi, chupa tano

Sasa rudi kwa andiko letu. Wanawali kumi, wote wana taa. Wote wametoka kumlaki bwana harusi, wote wamechoka, wote wamelala. Ungepita pale saa mbili usiku ungesema hawa wote ni sawa. Hakuna mahali Yesu anasema taa za wale watano zilikuwa ndogo au zimepasuka. Taa zilikuwa nzuri. Shida ilikuwa chupa ya mafuta ambayo wenzao walibeba na wao hawakubeba.

Wengi wetu hapa tuna taa nzuri. Unaimba vizuri, unaombea watu, umehudumu miaka kumi, una cheti cha shule ya Biblia. Hiyo yote ni jarida. Inasema unachoweza ukiwa umejaa. Haisemi kilichomo leo.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Kitu cha kwanza kilichonishangaza chuoni ni hiki: biashara nyingi hazifi kwa kukosa mali. Zinakufa kwa kukosa pesa mkononi. Mtu ana posho mill, ana ploti, ana lori la kubeba mahindi, ukiandika mali yake inajaza ukurasa. Lakini Ijumaa imefika, wafanyakazi wamesimama mlangoni, na hana shilingi ya kuwalipa. Kwenye karatasi ni tajiri. Mlangoni amefilisika. Ndivyo mtu wa kanisa anaweza kuwa tajiri wa historia, na Jumatatu asubuhi hana neno moja la kumwambia Mungu wake.

Hesabu isiyo na akiba

Sasa labda utasema, “Pastor, wale walikuwa watekaji, hawakujua mambo ya ndege. Mimi najijua.” Haya, wacha nikupeleke mbali kidogo, kwa mtu aliyejua.

Tarehe 28 Novemba 2016, ndege ya kampuni ya LaMia ilitoka Bolivia kwenda Medellín, Colombia, ikibeba timu ya mpira ya Chapecoense ya Brazil. Walikuwa wanaenda kucheza fainali. Rubani mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye kampuni. Umbali wa safari ulikuwa karibu sawa na umbali wote ambao ndege ile inaweza kwenda ikiwa imejaa. Kwenye karatasi ya safari, muda wa kuruka na muda wa mafuta uliandikwa sawasawa: saa 4 na dakika 22. Hakuna hata dakika moja ya ziada.

Sheria za urubani ziko wazi. Unabeba mafuta ya kukufikisha, ya kukupeleka uwanja mwingine kama wa kwanza umefungwa, na juu ya hapo nusu saa ambayo hutarajii kuigusa. Hiyo nusu saa ndiyo ile chupa ya wanawali wenye busara.

Walipokaribia Medellín, ndege nyingine ilikuwa na shida, ikapewa nafasi ya kutua kwanza. LaMia ikaambiwa ingoje, ikaanza kuzunguka. Na hapa ndipo panaponiumiza. Mafuta yanaisha, lakini rubani hakusema mapema kwamba yuko kwenye dharura. Kuna neno moja linalofungua njia, neno Mayday. Ukilisema, kila mtu anakupisha. Alipokuja kusema wazi, muda ulikuwa umekwisha. Ndege ikagonga mlima usiku. Kati ya watu 77, 71 walikufa. Uchunguzi ulisema chanzo ni mafuta kuisha, na marubani walijua tangu mapema kwamba hayatoshi.

Kwa nini mtu anyamaze? Sijui moyo wa yule rubani na simhukumu. Moyo wangu naujua. Ukisema umeishiwa, watu wataanza kuuliza ulipangaje. Aibu inakuja kabla ya msaada. Kwa hivyo unazunguka, unasema “bado kidogo, itafika tu.” Kuna ndoa hapa Kimumu inazunguka hivyo sasa hivi. Kuna mzee wa kanisa anazunguka. Kuna mama amechukua mkopo wa simu kulipa mkopo wa simu, na kwenye ushirika anasema, “Mimi ni mzima, Mungu ni mwema.” Mungu ni mwema kweli, dada yangu. Lakini sema Mayday.

Taa moja nyekundu

Kuna njia ya tatu ya kuishiwa, na hii ni ya watu wenye bidii. Tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines ilikuwa inakaribia kutua Portland, Marekani. Ilikuwa na mafuta ya kutosha. Lakini magurudumu yaliposhuka palikuwa na kishindo, na taa ya kuonyesha yako sawa ikagoma. Rubani mkuu akaamua kuzunguka kwanza, ashughulikie magurudumu, awaandae abiria. Alikuwa mtu mwangalifu anayefanya jambo jema. Akazunguka kama saa nzima. Wenzake walitaja mafuta, lakini kwa upole, kama mdogo anavyosema na mkubwa. Injini zikazima moja baada ya nyingine kabla ya kufika uwanjani. Watu 10 walikufa kati ya 189.

Ajali hiyo ilibadilisha jinsi marubani wanavyofundishwa. Walianza kufunzwa kwamba mdogo aseme wazi, na mkubwa asikie. Sisi kanisani bado hatujafika hapo.

Nawaambia hivi kwa sababu ni mimi. Mwaka jana, kuanzia Agosti, nilikuwa nashughulikia magurudumu. Harambee ya mabati, kesha za Ijumaa, mazishi mawili kwa wiki moja, mafunzo ya vijana. Yote mema. Mke wangu akaniambia jikoni, bila hasira, akiendelea kusonga ugali: “Baba, siku hizi nakusikia ukiomba ukiwa na maikrofoni tu.” Nikamwambia mimi niko sawa, niachwe nimalize huu mwezi. Alikuwa rubani msaidizi anasoma geji. Mimi nikasoma jarida.

Wiki hiyo hiyo, Alhamisi jioni, kijana mmoja alinikuta ofisini. Alikuwa ameanza tu kuja kanisani. Akasema ana jambo anataka kuongea. Nilikuwa nimechoka, nina mkutano saa moja. Nikamshika bega, nikamwombea dakika mbili, maneno mazuri, yale ninayoyajua kwa moyo. Nikamwambia aje wiki ijayo. Alinishukuru. Hakurudi. Simu yake haipatikani. Mpaka leo nikipita stage ya matatu za Iten namtafuta kwa macho.

Hakuna mtu aliyenishtaki. Kwa watu waliokuwa nje, nilikuwa nahudumu vizuri. Lakini mimi najua kilichokuwa ndani ya chupa jioni ile. Wale wanawali wenye busara waliposema hawawezi kugawa mafuta yao, tunawaona kama wachoyo. Kumbe kuna vitu huwezi kumpa mtu mlangoni kama hukuja navyo. Nilitaka kumpa yule kijana, nikakuta sina.

Ndiyo maana nilisema ukumbuke abiria. Nyuma yako kuna watu. Ukiwa baba, abiria wako wako kwenye kiti cha nyuma na yunifomu za shule. Ukiwa mwalimu, ukiwa dereva, ukiwa kiongozi wa ushirika, kuna mtu ambaye hataulizwa juu ya mafuta. Yeye ataanguka tu pale wewe utakapoangukia.

Ruka karibu na watu

Sasa ufanye nini kama geji imeshashuka? Turudi kwa rubani Leul, kwa sababu bado sijawaambia alichofanya.

Waliomteka walitaka avuke bahari. Mwanzoni yeye aliifuata pwani ya Afrika kuelekea kusini, nchi kavu ikiwa karibu. Walipogundua, wakamlazimisha aelekee mashariki, baharini. Hata hapo, kimya kimya aliipeleka ndege upande wa visiwa vya Komoro. Alijua mafuta yataisha. Hakuweza kuyaongeza hewani. Lakini aliweza kuchagua yatakapoishia. Akapambana afike uwanja wa pale Ngazija, ikashindikana, shoka bado liko karibu na kichwa chake. Basi akashusha ndege majini karibu na Mitsamiouli, kama mita 500 kutoka ufuo wenye hoteli, ambako kulikuwa na watu.

Na wale watu walitoka! Wakazi wa kisiwa na wageni wa hoteli waliingia majini na maboti. Baadhi ya wageni walikuwa madaktari waliokuja likizo. Hakuna aliyeuliza kwanza nani alipanga mafuta vibaya. Wengi kati ya wale 50 wako hai kwa sababu hiyo. Kama ndege ingeishiwa katikati ya Bahari ya Hindi, nani angewaona?

Hapo ndipo Roho Mtakatifu alinishika nilipokuwa natayarisha neno hili. Mtu akiishiwa, kitu cha kwanza anachofanya ni kukimbia watu. Anaacha ushirika, anazima simu, anabadilisha ibada ili asikutane na wanaomjua. Anaipeleka ndege katikati ya bahari. Ndugu yangu, kama umebaki na dakika kumi za mafuta, zitumie kujisogeza karibu na ufuo. Njoo ukae kiti cha nyuma, usiimbe kama huwezi, lakini kaa mahali watu watakusikia ukianguka.

Mimi nilienda kwa Baba Mchungaji mwisho wa Septemba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema matatu: “Baba, nimeisha kabisa.” Nilidhani atashangaa. Akasukuma kiti, akaniambia nikae, akaita chai. Akaniondoa madhabahuni Jumapili nne. Mlidhani niko safarini. Nilikuwa nyumbani, nakaa na Mungu asubuhi bila daftari la mahubiri, na jioni nakaa na mke wangu.

Na niwaambie, haikuwa rahisi. Nyinyi wakulima mnaelewa hii. Trekta ya dizeli ikiishiwa shambani, huwezi kumwaga dizeli na kuwasha mara moja. Hewa imeingia kwenye mipira. Lazima fundi afungue, apampu, atoe hewa kwanza, pole pole, mpaka dizeli safi itoke. Wiki ya kwanza nilipiga magoti na hakuna kilichotoka, hewa tupu. Wiki ya pili nikalia. Wiki ya tatu nikaanza kuomba. Usikate tamaa ukipiga starter siku moja na injini ikakaa kimya. Anatoa hewa.

Na kanisa, tuwe watu wa ufuo. Mtu akisimama hapa akasema ameishiwa, asikutane na mkutano wa wazee wa kuuliza alipangaje. Akutane na maboti. Maswali yapo, tutayauliza akishakauka nguo.

Mlango wa kwenye andiko ulifungwa, wapendwa. Siwezi kuupaka rangi. Lakini saa hizi unaposoma karatasi hii bado uko wazi, na wauzaji wa mafuta hawajalala. Usingoje usiku wa manane ndipo uulize nani ana ya kukuazima.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

Kila mmoja ajibu swali moja tu, na asijibu kwa jarida: leo, kilichomo ndani ni kiasi gani? Halafu muulize mtu anayekaa nawe nyumbani yeye anasoma geji inasema nini. Mwache amalize kusema.

Na ukimwona kijana mgeni jioni ana jambo, mpe kiti.

Tuombe

Baba, tunakuja na taa zetu nzuri na chupa zetu tupu. Tusamehe kwa kuwaita waongo wale waliotuambia ukweli. Tupe ujasiri wa kusema tumeishiwa kabla abiria hawajaumia. Mkumbuke kila anayezunguka usiku huu bila kusema, mlete karibu na ufuo, na utukute sisi tumesimama pale. Na yule kijana, Bwana, popote alipo, mpelekee mtu aliyejaa. Katika jina la Yesu. Amina.